Kusoma Theluji Rogers Pass

Usiku wa tarehe 4 Machi 1910, vibarua wa reli walikuwa wakichimba theluji kwa mwanga wa taa huko Rogers Pass, pito la milimani katika safu ya Selkirk, magharibi mwa Kanada. Mapema siku hiyo poromoko la theluji lilikuwa limeshuka kutoka Mlima Cheops na kuifukia njia ya treni. Injini yenye mashine ya kuondolea theluji ilikuwa imeletwa, lakini theluji ya poromoko huja na magogo na mawe ambayo mashine haiyawezi. Sharti watu washuke na mabeleshi. Basi walishuka, wakachimba mfereji kuifuata reli, kuta za theluji zikisimama pande zote mbili. Ilipokaribia saa sita ya usiku, poromoko la pili likashuka. Hili halikutoka Cheops, mlima uliokwisha kumwaga theluji yake. Lilitoka ng'ambo ya bonde, kwenye mlima ambao watu wa reli waliuita Avalanche, yaani Maporomoko. Mfereji waliouchimba ukawa ndio kaburi lao. Walikufa watu 58, na 32 kati yao walikuwa vibarua kutoka Japani.

Tarehe 1 Februari 2003, kilomita chache tu kutoka hapo, kundi la watu 17 lilikuwa linapanda bonde la kijito cha Connaught kwa skii. Wanafunzi wa sekondari walikuwa 14, na watu wazima walikuwa watatu. Kabla ya saa sita ya mchana, upande wa kaskazini wa Mlima Cheops ukaachia. Theluji ilishuka mamia ya mita hadi sakafu ya bonde na kulikumba kundi zima. Wanafunzi saba walikufa.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 93, na ndani ya miaka hiyo binadamu alijifunza kuhusu theluji mambo mengi kuliko katika karne zote zilizotangulia. Vibarua wa 1910 hawakuwa na taarifa ya hali ya theluji, wala kifaa cha kumtafuta aliyefukiwa, wala hiari ya kukataa kazi. Kundi la 2003 lilikuwa na vyote hivyo. Walisoma taarifa ya asubuhi ile, walivaa vifaa vya redio, walibeba mabeleshi na fito za kupimia, nao walikuwa wamefundishwa kuvitumia. Mtu anayesimulia historia ya elimu hii kama ngazi inayopanda tu, kutoka ujinga hadi ujuzi, atakwama kwenye tarehe ya pili. Inabidi tuulize elimu hiyo ilikuwa inajibu swali gani.

Rogers Pass ni mahali pazuri pa kuuliza, kwa sababu watu wake wameijibu theluji kwa njia tatu tofauti, na kila njia imeacha alama yake ardhini.

Njia ya kwanza ilikuwa kuvumilia. Reli ya Canadian Pacific ilipokamilika mwaka 1885, ikiunganisha mashariki na magharibi ya nchi, ilipita juu ya pito hili lenye theluji nyingi kupindukia. Kampuni ilijenga mapaa 31 ya magogo mazito juu ya reli, ili poromoko lipite juu ya paa na treni ipite chini yake. Mapaa yalisaidia, lakini hayakuweza kufunika kila mahali. Katika miongo mitatu ya kwanza, maporomoko ya pito hili yaliua watu wapatao 200. Baada ya vifo vya 1910 kampuni ikakubali kushindwa. Ikatoboa mlima, na mwaka 1916 ikafungua handaki la Connaught, lenye urefu wa kilomita 8 hivi. Treni zikaingia chini ya ardhi, pito likaachiwa theluji yake.

Njia ya pili ilikuwa kupigana. Barabara kuu ya Kanada ilipopangwa kupita Rogers Pass katika miaka ya 1950, serikali ilimtumia mhandisi Mswisi, Peter Schaerer, pamoja na Noel Gardner, mlinzi wa hifadhi aliyeijua milima hiyo kwa miaka mingi, kuchunguza ni wapi maporomoko hushuka na mara ngapi. Barabara ilifunguliwa mwaka 1962. Tangu wakati huo, wanajeshi wenye mizinga ya milimita 105 huja kila majira ya baridi. Theluji inapolundikana, barabara hufungwa, mizinga hupigwa kuelekea vileleni, na poromoko huangushwa kabla halijachagua saa yake lenyewe.

Njia ya tatu ndiyo ya mtu wa skii. Yeye hana handaki wala mzinga. Hufunga ngozi za kuzuia utelezi chini ya skii zake, hupanda kwa saa kadhaa hadi mgongo wa mlima, huvua zile ngozi na kuteremka kwenye theluji ambayo hakuna aliyeikanyaga. Kwake kila mteremko ni uamuzi: nipite au nisipite. Na katika ajali za namna hii, takriban mara 9 kati ya 10 poromoko linaloua huanzishwa na marehemu mwenyewe au mtu wa kundi lake. Uzito wa mtu mmoja hutosha.

Kwa nini utoshe? Sisi tunaoijua theluji kwa kuitazama Kibo kutoka mbali huiona kama kitu kimoja cheupe. Kumbe theluji iliyotanda mlimani ni matabaka, kama mikeka iliyorundikwa mmoja juu ya mwingine, kila mkeka ukiwa na siku yake ya kutandikwa. Dhoruba moja huleta tabaka moja. Upepo huichota theluji upande mmoja wa mlima na kuilundika upande wa pili, ikawa ngumu na nzito. Mvua ikinyesha halafu ikaganda, hubaki ganda la barafu kama ukoko wa wali. Na baridi kali inapokaa siku nyingi juu ya theluji nyembamba, mvuke hupanda kutoka chini kwenye joto kwenda juu kwenye baridi, na njiani huzigeuza chembe za theluji kuwa na kona kali, zisizoshikana, kama sukari kwenye kiganja. Likija tabaka zito juu ya sukari hiyo, mteremko unakuwa meza iliyosimama juu ya miguu mibovu. Mtu akiingia katikati, miguu inavunjika, na ule uvunjikaji hukimbia chini ya theluji kwa kasi kuliko anavyoweza kugeuka. Bamba zima hukatika, naye yuko juu yake.

Elimu hii ilipatikana Uswisi. Wakulima wa Alpi walikuwa wakiishi na maporomoko kwa mamia ya miaka, na walijua ni bonde gani halijengwi nyumba. Mwaka 1881 Johann Coaz, mkaguzi mkuu wa misitu, aliyakusanya maarifa ya maporomoko ya nchi yake katika kitabu. Lakini Coaz na wakulima walitazama mahali poromoko linapopita. Ndani ya theluji kwenyewe walikuwa hawajatazama kwa utaratibu. Mwaka 1931 Uswisi iliunda tume ya utafiti wa theluji, na katikati ya miaka ya 1930 watafiti wachache wakaanza kazi Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos, zaidi ya mita 2600 kutoka usawa wa bahari. Walichimba mashimo, wakakata vipande vya theluji, wakavichunguza kwa hadubini na kuvipima nguvu. Mwaka 1939 Henri Bader, Robert Haefeli na wenzao walichapisha kitabu kilichoeleza jinsi theluji inavyobadilika umbo ikiwa imelala ardhini. Taasisi yao ilianzishwa rasmi mwaka 1942, na mwaka 1945 ilipokea kutoka jeshini kazi ya kutoa taarifa za hatari.

Kwamba jeshi lilikuwa na kazi hiyo si ajabu. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepiganwa pia milimani, kati ya Italia na Austria, na huko theluji iliua maelfu. Mnamo Desemba 1916, chini ya Mlima Marmolada, poromoko moja lilifukia kambi ya wanajeshi wa Austria na kuua zaidi ya 200. Kamanda wa kambi, Rudolf Schmid, alikuwa ameona hatari na kuwaandikia wakubwa wake akiomba kambi ihamishwe. Alikataliwa. Alijua alichopaswa kujua, ila uamuzi haukuwa wake. Kisa hicho kingeweza kuwafundisha watu mapema kwamba kati ya kujua hatari na kuiepuka kuna umbali, na umbali huo haupimwi kwa hadubini.

Baridi ya 1950 hadi 1951 iliipa taasisi ya Davos umuhimu wa kitaifa. Theluji ilianguka Alpi kwa wingi usiokumbukwa. Uswisi peke yake ilipoteza watu 98, na mji wa Andermatt ulipigwa na maporomoko sita ndani ya saa moja hivi. Wakati huohuo kulikuwa na Mmarekani kijana Davos, Edward LaChapelle, aliyekuja kujifunza. Aliporudi kwao alijiunga na kituo cha Alta, jimboni Utah, mahali ambapo mwanajeshi mstaafu Monty Atwater alikuwa ameanza kazi mwaka 1945 ya kulinda watelezi kwa kutazama hali ya hewa na kulipua miteremko. Elimu ya Davos na uzoefu wa Alta vikakutana.

Vikatoka vipimo ambavyo mtu wa skii anaweza kuvifanya mwenyewe. Waswisi walikata bonge la theluji lenye upana wa mita 2, mtu akapanda juu yake na skii zake, akaruka hadi likatike. Wakanada walitumia nguzo ndogo ya sentimita 30 kwa 30: unaweka beleshi juu, unagonga mara 10 kwa ncha za vidole ukikunja kifundo cha mkono tu, mara 10 kutoka kwenye kiwiko, mara 10 kutoka begani, na kuhesabu nguzo imekatika pigo la ngapi. Mwaka 2006 Ron Simenhois na Karl Birkeland walitangaza kipimo cha nguzo ndefu ya sentimita 90, kinachoonyesha si tu kama tabaka litakatika bali kama mkatiko utasafiri. Hivi ni vipimo vya kweli, na vinasema kweli kuhusu pale vilipofanywa. Shida ni kwamba mteremko una maelfu ya mita za mraba, na hatua 20 kutoka kwenye shimo lako theluji inaweza kuwa nyembamba zaidi, na ile sukari iko karibu zaidi na skii zako. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na mtu hawezi kufika kila mahali kwenye mteremko bila kuwa tayari yumo ndani yake.

LaChapelle aliuona ugumu huu. Katika makala yake ya 1980 alieleza kwamba mtabiri mzuri wa maporomoko hapati jibu kwa kipimo kimoja. Anaanza na dhana, kila siku anaiongezea ushahidi na kuirekebisha, na ushahidi wenye uzito zaidi ndio ulio wa moja kwa moja: maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani, nyufa zinazotimua mbio kutoka kwenye ncha za skii, mlio mzito wa theluji inayozama chini ya miguu. Mtu anayeusikia mlio huo hahitaji shimo. Mlima umekwisha kusema.

Wakati wanasayansi wakichunguza theluji, wengine walishughulikia saa ya msiba. Mwaka 1968 Mmarekani John Lawton alitengeneza kifaa kidogo cha redio ambacho kila mtelezi angekivaa. Akifukiwa, wenzake wangefuata mlio wake. Leo duniani kote vifaa hivyo hutumia masafa mamoja ya kilohezi 457. Mwaka 1994 watafiti walichapisha hesabu ya muda: aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 15, uwezekano wa kumkuta hai ni asilimia 92 hivi, zikifika dakika 35, umeshuka hadi asilimia 30 hivi. Utafiti wa baadaye umeufupisha zaidi ule muda wa mwanzo, ukawa kama dakika 10. Maana yake ni kwamba hakuna helikopta ya kungojewa. Anayeweza kukuokoa ni yule uliyetoka naye asubuhi, na hata yeye hawezi kitu ikiwa mti au mwamba umekuua kabla theluji haijatulia.

Hii ndiyo elimu iliyokuwapo baridi ya 2002 hadi 2003 ilipoanza. Mwezi Novemba mvua ilinyesha juu milimani magharibi mwa Kanada, ikaganda, na juu ya ukoko huo zikaota chembe za sukari. Kisha theluji ya kawaida ikaanguka juu yake, wiki baada ya wiki. Wataalamu walijua tabaka hilo lipo. Walilipa jina la mwezi wake na kulitaja katika taarifa. Tarehe 20 Januari 2003, katika safu hiyohiyo ya Selkirk, kundi la watelezi lililoongozwa na mtaalamu mwenye uzoefu mrefu mahali pale lilikumbwa na poromoko. Watu saba walikufa, mmoja wao Craig Kelly, bingwa wa dunia wa ubao wa theluji, ambaye alikuwa anasomea uongozaji milimani. Siku 12 baadaye ikawa zamu ya bonde la Connaught.

Taarifa ya asubuhi ile ilitaja hatari ya kiwango cha 3 kati ya 5 kwa sehemu za juu, na chini zaidi kwa sehemu za msituni. Kiwango cha 3 kina sifa ya peke yake. Kikiwa cha 5 watu hukaa nyumbani; kikiwa cha 1 theluji kwa kawaida hushika. Cha 3 kiko katikati, na watu wengi wanaokufa hufa siku za namba hiyo, kwa kuwa mtu akiisoma husikia anachotaka kusikia. Kundi halikuwa kwenye mteremko mkali. Walikuwa chini bondeni, kwenye njia inayopitwa na wengi, wakitembea kwa kuachana. Hawakulianzisha poromoko lile. Lilijiachia lenyewe juu sana kichwani mwao. Waongozaji wawili waliokuwa wametangulia bondeni waliliona likishuka, wakapiga kelele kuonya, kisha wakarudi na kuchimba. Vifaa vya redio vilifanya kazi. Waliookolewa waliokolewa kwa sababu ya vifaa na mafunzo hayo. Lakini mteremko hauulizi nani ana kifaa.

Wakati huohuo, Ian McCammon, mhandisi wa Utah, alikuwa anafanya kazi ya aina nyingine. Alikusanya ripoti za ajali 715 zilizotokea Marekani kati ya 1972 na 2003. Hakuwa anachunguza theluji bali watu waliokuwa juu yake. Aligundua kwamba mara nyingi sana dalili za hatari zilikuwa wazi, na kwamba wengi wa waliopatwa walikuwa na mafunzo. Jambo lililosumbua zaidi ni hili: makundi yenye mafunzo ya juu, yakiwa mahali yalipopazoea, yaliingia hatarini karibu sawasawa na makundi yasiyofundishwa chochote. Ujuzi wao ulikuwa umewaondoka palepale walipojihisi nyumbani.

McCammon alitaja mitego sita, na mtu wa Kiswahili akiisoma atashtuka kuona kwamba anaijua, kwani mingi aliipokea kwa wazee kama hekima. Wa kwanza ni mazoea. Huu wahenga walituonya kwamba yana taabu. Wa pili ni kushikilia kile ulichokwisha kuanza: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wa tatu ni kutaka kukubalika na watu unaowapenda au unaotaka wakusifu. Wa nne ni kumwachia uamuzi yule anayeonekana mjuzi, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wa tano ni kutulizwa na kuwapo kwa watu wengine: wengi wape. Wa sita ni hofu ya kukosa kitu adimu, theluji ambayo haijakanyagwa, siku ya jua baada ya dhoruba: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Hakuna kosa katika methali hizo. Kijijini, sokoni na baharini zimeokoa watu, na ndiyo sababu zikadumu. Nahodha akisoma mawingu vibaya, pepo za kusi humwadhibu mara nyingi kabla hazijamuua. Atalowa, atapoteza tanga, mwaka unaofuata atajua zaidi. Theluji haifundishi hivyo. Mteremko mbovu unaweza kushika mara 30. Mtu anapita, anacheka, anateremka, anarudi nyumbani na kujihesabia uamuzi mzuri, kumbe alikuwa na bahati. Kila safari njema inamwongezea imani, hata pale inapopaswa kumwongezea woga. Siku ya 31 anaingia akiwa mjuzi. André Roch, Mswisi aliyeyachunguza maporomoko maisha yake yote, anatajwa kwa usemi ambao wafundishaji wa skii huurudia mpaka leo: kwamba poromoko halijui kuwa wewe ni mtaalamu.

Kama ujuzi wa theluji hautoshi, na hekima ya kawaida inageuka mtego, mtu ashike nini? Mwongozaji wa Uswisi Werner Munter alikuwa amependekeza jibu tangu miaka ya 1990, na wengi walimwona mkorofi. Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilikubaliana kutumia kipimo kimoja cha hatari chenye viwango vitano. Munter alikichukua kipimo hicho na kukifunga na kitu ambacho hakibadiliki usiku kucha, yaani ukali wa mteremko. Maporomoko ya bamba huanza hasa kati ya nyuzi 30 na 45. Basi kanuni yake ya msingi ilikuwa fupi: hatari ikiwa kiwango cha 2, usiingie penye nyuzi 40 au zaidi, ikiwa 3, baki chini ya nyuzi 35, ikiwa 4, baki chini ya nyuzi 30. Mwenye uzoefu atalalamika kwamba kanuni hiyo inamnyima miteremko mingi ambayo ingeshika. Ni kweli inamnyima. Hiyo ndiyo kazi yake.

Baada ya 2003 Wakanada walifika mahali hapohapo kwa njia yao. Familia zilizofiwa, wataalamu na serikali walikaa na kuuliza nini kibadilike. Mwaka 2004 kikaanzishwa kituo cha taifa cha taarifa za maporomoko. Mwaka huohuo idara ya hifadhi za taifa, kwa kazi iliyoongozwa na Grant Statham, ikatoa kipimo kipya ambacho hakikugusa theluji hata kidogo. Kilipima ardhi. Kila njia iliwekwa katika kundi moja kati ya matatu: rahisi, yenye changamoto, au tata. Njia inayopita chini bondeni, pasipo mteremko wowote mkali chini ya miguu, inaweza kuwekwa kwenye kundi gumu ikiwa juu yake imening'inia miteremko mikubwa. Na makundi ya watoto walio chini ya uangalizi wa taasisi yakawekewa masharti ya wapi wanaweza kwenda na nani lazima awaongoze.

Hapo ndipo swali lilipobadilika. Kwa zaidi ya nusu karne watu waliuliza: je, theluji itashika? Ni swali zuri na lazima liendelee kuulizwa. Bila Davos tusingejua hata maana yake. Lakini ni swali ambalo jibu lake daima lina shaka ndani. Kipimo cha ardhi kinauliza jingine: nikiwa nimekosea, itakuwaje? Je, chini yangu kuna korongo litakalojaa theluji juu yangu, au uwanda mpana itakapotawanyika? Je, kuna mtu chini yangu? Je, juu ya njia hii kuna mlima ambao nisingeuona mpaka uwe umeanguka? Maswali haya hujibiwa kwa ramani, mezani, usiku wa kuamkia safari, kabla jua halijatoka na kabla rafiki hajasema twende.

Siku hizi wanaopanda skii Rogers Pass huanza asubuhi kwa kutazama ni maeneo gani yamefunguliwa, maana mizinga ya barabara bado inafanya kazi na mahali inapoelekezwa hapakanyagwi. Husoma taarifa, huangalia kiwango, hupima ukali wa miteremko kwenye ramani. Kundi zuri hukubaliana mapema kwamba yeyote, hata mgeni kuliko wote, akisema turudi, wote wanarudi na haulizwi sababu. Wengine hurudi bila kuona poromoko lolote. Mteremko walioukataa unabaki palepale, mweupe, umetulia, na hakuna atakayewathibitishia kwamba walikuwa sahihi.

Kwa hiyo kumbukumbu za historia hii zimeegemea upande mmoja. McCammon alikuwa na ripoti 715 za waliopatwa. Za waliogeuka hakuwa nazo hata moja, kwa sababu hakuna anayeziandika. Majina ya vibarua na ya wanafunzi yamehifadhiwa. Waliosimama mahali fulani chini ya Cheops, wakatazama juu, wakafunga tena ngozi zao na kurudi walikotoka, walifika nyumbani kabla ya giza na kula chakula cha jioni.